Elfu kumi kwa kila kiraka: uchambuzi wa kisa cha motisha kwa wanaojitolea kwenye programu huria

Mradi tunaouchambua hapa ni wa mfano. Hesabu zake za watu na fedha tumezipanga kwa ajili ya uchambuzi, ila makosa yake ni yale yanayorudiwa kwenye miradi ya programu huria kila mahali, na mazingira ni ya Mwanza: mialo (mahali mitumbwi ya wavuvi inaposhushia samaki), bando, pesa za simu na posho.

Programu yenyewe ni daftari la mwalo. Inakaa kwenye simu ya katibu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinacholinda rasilimali za ziwa kwenye eneo lake. Mtumbwi ukifika, katibu anaandika aina ya samaki, kiasi na bei: sangara, sato, dagaa. Simu ikipata mtandao, rekodi zinapanda kwenye seva. Msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi chini ya leseni ya GPL toleo la 3, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadili, na akiusambaza anausambaza kwa masharti yaleyale.

Watunzaji, yaani wanaosimamia msimbo na kukagua mabadiliko, ni watatu. Wawili wako mjini, mmoja yuko Nansio, Ukerewe. Wanaojitolea ni 23: tisa wanaandika msimbo, wengi wao wanafunzi wa vyuo, watano wanatafsiri na kuandika mwongozo, wanne wako mialoni na hujaribu kila toleo jipya kabla halijasambazwa, watano wanajibu maswali ya watumiaji kwenye kundi la WhatsApp. Mwaka wa kwanza hakuna aliyelipwa hata shilingi, na kazi ilikwenda, polepole lakini ilikwenda. Viraka, yaani mabadiliko ya msimbo yanayotumwa ili yakaguliwe na kuunganishwa, vilikuwa kama kumi kwa mwezi.

Kisha mfadhili akatoa shilingi 6,000,000 za "motisha kwa wachangiaji". Zitumike ndani ya miezi minane, na ripoti ionyeshe idadi ya michango. Sharti hilo la idadi ndilo lililozaa kila kilichofuata. Watunzaji walikubaliana kwamba kila kiraka kitakachounganishwa kitalipwa 10,000, kwamba kila Jumapili jedwali la washindani litawekwa kwenye kundi, na kwamba mwisho wa miezi minane watatu wa juu watapata simu, kila moja ya 300,000. Tangazo likatoka siku hiyohiyo.

Wiki kumi na sita baadaye

Viraka 312 vilikuwa vimeunganishwa na kulipwa: 3,120,000. Vingine 14 vilikuwa kwenye foleni. Kwa jicho la ripoti, mradi ulikuwa umefufuka. Ukifungua orodha yenyewe unakuta viraka 190 kati ya hivyo ni mabadiliko ya mstari mmoja. Ukurasa wa tafsiri wenye sentensi 40 uliingia kama viraka 40, kila sentensi na chake. Koma ilihamishwa asubuhi kwa elfu kumi, jioni mwingine akairudisha ilipokuwa, naye akalipwa elfu kumi.

Hakuna aliyedanganya. Sheria ilisema kiraka kimoja ni elfu kumi, watu wakaisoma ilivyoandikwa.

Gharama iliyofichika ilikuwa kwenye ukaguzi. Hata kiraka cha mstari mmoja hakiunganishwi bila mtu kukifungua, kukisoma, kuendesha majaribio na kujibu. Weka dakika kumi tu kwa kila kimoja: viraka 312 ni saa 52 za watu watatu ambao nao wanajitolea. Foleni ikawa ndefu, na kiraka kilichokuwa na maana kuliko vyote kikakaa humo wiki tano.

Kiraka hicho kinafaa kuangaliwa kwa karibu. Mtandao wa mwalo hukatika katikati ya kutuma. Simu inapeleka rekodi, seva inaipokea, lakini jibu la "nimepata" linapotelea njiani. Simu haikuona jibu, kwa hiyo inatuma tena, na seva inaandika rekodi ya pili. Sangara wa kilo 60 wanakuwa wa kilo 120, na mwisho wa mwezi takwimu za mwalo mzima zimevimba. Mwanafunzi mmoja alikaa wiki tatu akatengeneza dawa yake: simu inaipa kila rekodi kitambulisho cha pekee hapohapo inapoandikwa, na seva ikiona kitambulisho kilekile mara ya pili inajibu "nimepata" bila kuandika upya. Aliandika majaribio, akaigiza mtandao unaokatika, akaeleza namna ya kusafisha rekodi za zamani. Kwenye jedwali la Jumapili kazi hiyo ina uzito sawa na koma iliyohamishwa, na kwa kuwa ilikuwa bado haijaunganishwa, yeye alionekana ana sifuri.

Upande wa mialoni hali ilikuwa mbaya zaidi. Mmoja wa wajaribu wanne, mzee wa makamo, ndiye aliyegundua kosa kubwa kuliko yote ya programu hii. Skrini ya dagaa ilidai kilo. Asubuhi mitumbwi inapotoka ziwani, dagaa wabichi hupimwa kwa ndoo na karai, na mzani wala haupo karibu. Makatibu walikuwa wanaandika namba ya ndoo kwenye kisanduku cha kilo: ndoo 12 zikawa kilo 12. Mzee aliliona hilo saa kumi na moja alfajiri akiwa amesimama nyuma ya katibu, akapiga picha ya daftari la karatasi na ya skrini, akazituma kwenye WhatsApp pamoja na ujumbe wa sauti. Mwanafunzi mmoja akaongeza kitufe cha kuchagua kipimo. Mistari 18 ya msimbo. Akalipwa elfu kumi, kisha elfu kumi nyingine kwa kurekebisha rangi ya kitufe.

Ujumbe wa mzee kwa mtunzaji wa Nansio ulikuwa mfupi: "Mwanangu, habari ya ndoo niliitoa mimi. Nasikia imelipwa. Mimi sidai, ila ningependa kujua mnahesabuje."

Swali lake ndilo la kisa kizima. Walihesabu kwa Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, na Git inaandika jina la aliyeingiza badiliko. Aliyesimama mwaloni hana akaunti. Mtafsiri mmoja naye alikuwa anatuma faili zake kwa WhatsApp kwa sababu kompyuta aliyokuwa anaazima haikuwa na Git. Mwanafunzi akawa anaziingiza kwa niaba yake, jina la mwanafunzi likaandikwa, na viraka 26 vikalipwa kwa asiyevifanya. Na wale watano wa kujibu maswali hawakuwa na kiraka hata kimoja. Wiki ya tisa katibu wa mwalo mmoja aliuliza kwa nini programu haifunguki. Kundi likakaa kimya siku mbili. Kisha mmoja wa watano akaandika: "Waulizeni wanaolipwa."

Tungekuwa tunatafuta siku mradi ulipoumia, ni hiyo. Watu hawa walikuwa wamejibu maswali bure mwaka mzima.

Kwa nini fedha ilipunguza kazi

Jambo hili limechunguzwa siku nyingi. Mwaka 1973, Lepper, Greene na Nisbett, watafiti wa Marekani, waliwachukua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti likichora. La pili lilipewa cheti bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu ziliwekwa darasani, kila mtoto akiwa huru kuchagua mchezo. Walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupungua. Kwa hiyo kilichoharibu kilikuwa ile ahadi: ukichora utapata. Kazi ikabadilika kuwa njia ya kufikia cheti.

Kwenye programu huria kuna mifano iliyo wazi. Kampuni ya DigitalOcean ilianzisha Hacktoberfest mwaka 2014: tuma viraka kadhaa mwezi wa Oktoba upate fulana. Oktoba 2020 miradi ilifurika viraka visivyo na maana, watu wakiongeza neno moja kwenye faili la maelezo, mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni mwezi huohuo na kuhesabu tu miradi iliyojiandikisha kwa hiari yake. Ikiwa fulana imefanya hivyo, elfu kumi taslimu ingefanya nini?

Debian, mradi wa watu wanaojitolea kutengeneza mfumo huria wa kuendesha kompyuta, walipata somo la aina nyingine. Mwaka 2006 watu wao walianzisha mpango uliojulikana kama Dunc-Tank, wa kukusanya fedha na kuwalipa wasimamizi wawili wa toleo ili toleo la 4.0 litoke kwa wakati. Baadhi ya waliokuwa wakifanya kazi bure pembeni yao walipinga, na wapo waliopunguza kazi zao waziwazi. Toleo lililolengwa Desemba 2006 lilitoka tarehe 8 Aprili 2007. Kuchelewa kulikuwa na sababu zaidi ya hiyo, lakini mgogoro ulibaki kumbukumbu: ukimlipa mmoja kwa kazi ambayo mwenzake aliyekaa naye anaifanya bure, umemwambia yule mwenzake kazi yake ni shilingi ngapi.

Kwetu kuna la ziada. Aliyewahi kukaa semina Mwanza anaijua fomu ya kusaini posho. Wapo wanaoidharau, na wanakosea. Mtu anayetoka Igoma kwenda kujaribu programu mwaloni Kirumba analipa nauli. Anayepakua toleo jipya mara tatu kwa wiki anamaliza bando lake. Ukimwambia ajitolee bila kumrudishia hayo, umeamua kwamba watakaojitolea ni wenye nafasi tu, na wazee wa mwaloni, ambao bila wao programu hii haina ukweli ndani yake, hawamo. Kosa la mradi halikuwa kutoa fedha. Waliweka fidia ya gharama, malipo ya kazi na shukrani kwenye mfuko mmoja, kisha wakaupima mfuko wote kwa idadi ya viraka.

Kwa hiyo mifuko ni mitatu, na kila mmoja una kanuni yake. Gharama inarudishwa kwa yeyote aliyeitumia. Kazi iliyoagizwa inalipwa kwa bei iliyotangazwa. Mchango wa hiari hauwekewi bei kabisa, unaheshimiwa.

Kufunga utaratibu bila kuvunja ahadi

Kishawishi cha kwanza ni kusimamisha malipo usiku huohuo. Hapana. Ahadi iliandikwa, na watu walitumia bando lao kwa kuiamini. Utaratibu wa elfu kumi unatangaziwa mwisho baada ya siku saba, na viraka 14 vilivyokuwa kwenye foleni kabla ya tangazo vinalipwa vikikubaliwa: 140,000. Simu tatu zinatolewa kwa watatu wa juu wa siku ya kufunga: 900,000. Zinauma, lakini kuzinyima kungeugharimu mradi jina lake, na Mwanza habari husambaa.

Suala la mtafsiri linahitaji uangalifu. Mwanafunzi asidaiwe fedha arudishe. Aliingiza faili kwa kusaidia, na utaratibu ndio uliomlipa. Mradi umlipe mtafsiri 260,000 zake kutoka mfuko wa mradi, ueleze hadharani kwamba kasoro ilikuwa ya hesabu, na jedwali lisahihishwe kabla ya simu kutolewa. Kwenye Git kwenyewe, wasijaribu kuandika upya historia ya tawi kuu, ule msimbo rasmi wa mradi, ili kubadilisha majina. Ukifanya hivyo, nakala ya kila mchangiaji inakosana na ya mradi, na wiki nzima inaishia kwenye kurekebisha migongano. Faili la .mailmap nalo halitasaidia hapa: kazi yake ni kuunganisha majina au anwani mbili za mtu mmoja, halihamishi kazi kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Kinachofaa ni faili la WACHANGIAJI linaloeleza wazi viraka vipi ni kazi ya nani, kisha utaratibu sahihi kuanzia hapo mbele.

Hesabu inabaki hivi. 6,000,000 ukitoa 3,120,000 ni 2,880,000. Ondoa 140,000 za foleni, 900,000 za simu na 260,000 za mtafsiri: 1,580,000 kwa miezi minne. Tumezigawa 480,000 kwa gharama, 690,000 kwa kazi za kuagizwa, 260,000 kwa mkutano wa toleo na chakula cha mchana, na 150,000 akiba.

Mfuko wa gharama ni rahisi. Yeyote mwenye mchango wowote mwezi huo, awe wa msimbo, majaribio, tafsiri au kujibu maswali, anaomba hadi 10,000 kwa ujumbe mmoja: alifanya nini, alitumia nini. Makadirio ni watu 12 kwa mwezi. Risiti ya bando haidaiwi. Kumtaka mtu risiti ya vocha ya elfu mbili ni kumfukuza. Fedha inatumwa kwa simu pamoja na ya kutolea, maana elfu kumi inayofika ikiwa na makato si elfu kumi. Kumbukumbu ya muamala inahifadhiwa, na jina lililosajiliwa kwenye laini linalinganishwa na la mwombaji kabla ya kutuma. Hili la mwisho linapuuzwa sana, hasa laini inapokuwa imesajiliwa kwa jina la ndugu. Ikitokea hivyo, mwombaji aandike mwenyewe kwamba fedha ipokelewe na fulani.

Kazi za kuagizwa

Hapa ndipo miradi mingi inateleza kwa sababu inalipia kazi ambayo watu wanaipenda. Kazi ya kupendwa itafanyika. Agiza ile ambayo kila mtu anaipisha: mwongozo wa Kiswahili wenye picha za skrini, majaribio ya kurejesha nakala ya akiba ya seva, kuzunguka mialoni na toleo jipya. Kwa mradi huu tulichagua tatu: kusafisha rekodi zilizojirudia kwenye seva kwa kutumia kile kitambulisho kipya, 250,000, mwongozo, 200,000, na majaribio kwenye mialo mitatu, 80,000 kila mmoja.

Kila moja inaandikiwa karatasi moja kabla haijaanza: kinachotakiwa, dalili kwamba imekamilika, tarehe, bei, na nani atakagua. Dalili ndiyo inayookoa ugomvi. "Kujaribu programu" haina mwisho. Ila hii inao: asubuhi tatu tofauti, siku za giza ambapo dagaa wanavuliwa kwa taa, si za mbalamwezi ambapo mitumbwi mingi ya dagaa haitoki, rekodi zisizopungua 20 zilizoandikwa na katibu mwenyewe, mjaribu akiangalia tu bila kushika simu, kila mahali katibu alipokwama paandikwe, ikiwemo skrini isiyosomeka juani na vidole vyenye maji visivyokubalika na kioo. Nauli ya majaribio inatolewa mapema, haingoji kazi iishe.

Tangazo la kazi linakaa siku saba mbele ya watu wote 23. Anayechagua asiwe mwombaji. Mtunzaji anayetaka kuomba anajitoa kwenye uamuzi huo, na jina la aliyepewa pamoja na bei vinawekwa wazi. Usiri wa bei ndio unaoanza kunung'unikiwa kabla ya kitu kingine.

Kuhusu kodi: taasisi inayomlipa mkazi kwa huduma inatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha TRA. Kwa kazi ya 250,000 hiyo ni 12,500, na mtu anapokea 237,500. Mwambie kabla hajakubali, kwa namba zote mbili, na mpe cheti cha makato. Mwanafunzi ambaye hana TIN ahimizwe kuichukua kabla ya kazi kuanza. Kurudisha gharama ni jambo jingine na kuandikwe kwenye daftari lake. Ukichanganya kwenye karatasi moja, mhasibu wa mfadhili atauliza na utakosa jibu.

Heshima ina kazi zake

Wapo wanaodhani mfuko wa tatu ni maneno matamu. Mwaka 2012, Restivo na van de Rijt walichapisha jaribio lao kwenye Wikipedia. Waliwachukua wahariri wa asilimia 1 ya juu kwa wingi wa kazi, wakawapa baadhi yao, kwa bahati nasibu, nyota ya shukrani inayobandikwa kwenye ukurasa wa mtu, kitu kisicho na thamani ya shilingi. Kwa siku 90 zilizofuata waliopewa walifanya kazi zaidi ya wasiopewa kwa takriban asilimia 60. Ilitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na haikuahidiwa.

Shukrani inayofanya kazi inataja kitendo. "Asanteni wote" haimfikii mtu. Kwenye maelezo ya toleo iandikwe: kipimo cha ndoo na karai kimeongezwa baada ya kugunduliwa mwaloni na fulani. Wanaotunza kiini cha Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, wana utaratibu mzuri wa hili: chini ya maelezo ya kila badiliko wanaandika mistari kama Reported-by kwa aliyeripoti, Tested-by kwa aliyejaribu na Reviewed-by kwa aliyekagua. Mradi wetu utumie hiyohiyo. Kwa kazi ya watu wawili uongezwe mstari wa mwisho kabisa, baada ya mstari mtupu:

Co-authored-by: Jina la Mtu <anwani ya barua pepe>

Mabano yale ya pembe (< na >) ni lazima, na anwani iwe ileile aliyosajilia akaunti yake, la sivyo GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo wa miradi, haitauonyesha kwenye ukurasa wake. Kuanzia toleo la 2.29 la Git, amri hii inahesabu waandishi pamoja na washirika wao:

git shortlog -sn --group=author --group=trailer:co-authored-by

Ukiondoa --group=author na kuweka reported-by badala ya co-authored-by unapata walioripoti. Mzee wa ndoo, asiye na akaunti, anaandikwa kwa jina tu na hesabu inamwona. Wanaojibu maswali Git haiwaoni kwa vyovyote. Kwao mtunzaji mmoja anapitia kundi kila mwisho wa mwezi na kuandika majina kwa mkono. Inachukua nusu saa. Haina njia ya mkato, na wala isitafutwe.

Ruhusa iombwe kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaugusa mradi unaochapisha majina, picha au namba za simu za watu. Muulize kila mmoja: jina kamili, jina la utani, au asitajwe? Katibu wa BMU anayekosoa takwimu za mwalo wake anaweza kuwa na sababu nzuri ya kutotaka jina lake lisomwe mtandaoni.

Kwa wanafunzi, barua ina thamani kuliko fulana. Lakini barua ya "alikuwa mchapakazi" haimsaidii mbele ya mwajiri. Iandikwe alitengeneza nini, tatizo lilikuwa lipi, kazi iko wapi mtandaoni, kuanzia lini hadi lini, na nani aliyekagua. Aliyetengeneza kitambulisho cha rekodi anastahili aya nzima kuhusu kiraka hicho. Fulana, kama zitachapwa, zitolewe baada ya toleo kutoka bila kutangazwa kabla, na saizi ziulizwe.

Kilicho juu ya vyote hivyo ni kuaminiwa. Taasisi ya Apache, inayosimamia miradi mingi ya programu huria na iliyoanzishwa mwaka 1999, haiwalipi watu kuandika msimbo wa miradi yake. Inachotoa ni hadhi. Mchangiaji anayeonyesha kazi nzuri kwa muda anapewa haki ya kuunganisha mwenyewe, kisha anaweza kualikwa kwenye kamati inayoendesha mradi. Kwa daftari la mwalo, mtafsiri yule apewe mamlaka ya tafsiri zote: hakuna sentensi ya Kiswahili inayoingia bila yeye. Afundishwe Git kwa saa mbili, afunguliwe akaunti yenye uthibitisho wa hatua mbili, na aandikwe kwenye faili la CODEOWNERS kama msimamizi wa folda ya lugha. Wajaribu wa mialoni wapewe kura ya zuio: wawili kati ya wanne wakisema toleo halifai, halitoki. Watunzaji wataliogopa hili. Hata hivyo, toleo linalowashinda watu wanne wanaoijua programu litamshinda katibu wa mwalo ambaye hajawahi kuiona.

Na kila kiraka kijibiwe ndani ya saa 72, hata kama jibu ni "nimekiona, nitakikagua Jumamosi". Kikikataliwa, sababu iandikwe. Mchangiaji mpya aliyekaa wiki tano bila neno habaki kungojea zawadi ya mwisho wa mwaka.

Ripoti, na lililobaki wazi

Mfadhili alitaka idadi ya michango. Aandikiwe mapema, kabla ya ripoti ya mwisho, aombwe kubadilisha vigezo viwe hivi: ni wangapi kati ya waliochangia mwezi wa kwanza bado wanachangia mwezi wa nne; kiraka kinasubiri siku ngapi kupata jibu la kwanza; maswali mangapi kwenye kundi yamejibiwa siku hiyohiyo; ni mialo mingapi toleo jipya lilijaribiwa kabla ya kutoka. Ripoti ya katikati iseme wazi kwamba viraka 190 vilikuwa vya mstari mmoja. Mfadhili akiona namba ya 312 peke yake ataomba mia sita mwakani.

Utaratibu huu haugusi watunzaji wenyewe. Saa 52 za ukaguzi hazimo kwenye mfuko wowote kati ya mitatu, na kwa miezi minne iliyobaki hakuna fedha ya kuziweka. Kinachowezekana sasa ni zamu: kila wiki mtunzaji mmoja anakagua, wawili wanapumzika kabisa, na mabadiliko ya mstari mmoja yanakusanywa hadi yafike kumi ndipo yakaguliwe kwa pamoja. Kwenye ombi lijalo la fedha, ukaguzi uandikwe kama kazi ya kuagizwa yenye saa na bei yake, na atakayeamua nani alipwe kwa kazi hiyo asiwe mmoja wa watatu hao.